Hiyo Peipaweti ya Shosho ni ya Ufaransa 1848 ama ni ya Juzi? Hivi Ndivyo Utajua

Cheki vizuri kwa kabati ya sebuleni, nyuma ya vikombe vya wageni. Inawezekana kuna kidude cha kioo pale, kizito, kimeviringana juu na bapa chini, na ndani kuna maua ya rangi rangi utadhani yalishikwa na barafu. Hiyo ndio peipaweti, kile kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke mezani. Wengine waliachiwa na mdosi akirudi kwao, wengine waliibeba kwa mnada wa vitu vya nyumba, na kuna wale wanaitumia kuzuia mlango usijifunge.

Sasa skiza. Mwaka wa 1990 kuna peipaweti iliuzwa kwa mnada wa Sotheby's, New York, kwa dola 258,500. Ilikuwa imetengenezwa Clichy, Ufaransa, karne ya 19. Na saa hii kuna nyingine, ukiitupia jicho haraka utaapa ni dada yake, na imetoka kiwandani China juzi na haifiki hata thao.

Kwa hivyo kuna njia mbili za kulia. Ukiuza ya Clichy kwa soo tatu juu ulidhani ni pambo tu, umejichoma. Ukinunua ya China kwa thao hamsini juu muuzaji amekuapia ni ya Ufaransa, umechomwa. Na kama ni ya shosho na mnagawana vitu vyake, mtu mmoja atabeba sufuria na mwingine abebe gari bila kujua.

Watu wengi huanza na maua na tarehe, na hapo ndipo wanapotezwa. Maua yanaigwa, na tarehe hata mtoto anaweza kuipachika. Wewe anza na kitako, uende kwa kioo chenyewe, kisha maua, tarehe ikuje mwisho kabisa. Twende mdogo mdogo.

Kwanza, zilitoka wapi?

Miaka ya 1840 Ulaya ilikuwa imeingiwa na homa ya kuandika barua. Uingereza ilianza stampu ya peni moja mwaka wa 1840, karatasi ikashuka bei, na kila mtu mwenye meza alitaka vitu vya kuipamba. Mwaka wa 1845, fundi wa Venice anaitwa Pietro Bigaglia alipeleka peipaweti zake kwa maonyesho ya viwanda kule Vienna. Profesa Mfaransa, Eugène Péligot, alikuwa pale. Aliziona, akarudi nyumbani na ripoti, na viwanda vya Ufaransa vikaingia kazini mara moja.

Nyumba tatu ndizo zilitawala: Baccarat, Saint-Louis na Clichy. Kipindi chao cha moto kilikuwa kati ya 1845 na 1860 hivi. Hapo ndipo zilitoka zile peipaweti watu hupigania minadani. Baada ya hapo fasheni ikaisha, na Clichy yenyewe ikafunga kabisa 1885.

Maua ya ndani yanatengenezwaje? Fundi anachukua vijiti vya kioo vya rangi tofauti, anavifunga pamoja, anavichoma moto, halafu wawili wanavuta huku na huku hadi kitu kinene kama mkono kinakuwa chembamba kama penseli. Mchoro wa ndani haupotei, unakuwa mdogo tu. Kisha kinakatwa vipande vipande kama ndizi. Vipande hivyo vinapangwa, vinabebwa na kioo cha moto, na juu yake inamwagwa kuba ya kioo safi. Waitaliano huita hiyo milefiori, maana yake maua elfu.

Huu ufundi si mgeni kwetu vile unadhani. Ushanga wa Venice ulikuwa ukibebwa na misafara kutoka pwani yetu kuingia bara karne ya 19, ukitumika kama pesa. Mafundi wa mji huo walikuwa wakivuta na kukata vijiti vya kioo kwa ajili ya ushanga kitambo kabla mtu aote kuvifanya pambo la meza.

Hatua ya 1: Pindua, angalia chini

Kitako ndicho kitambulisho cha peipaweti. Hakuna fundi alitarajia ukiangalie, kwa hivyo hapo uongo ni mgumu.

Wakati wa kutengenezwa, kioo kinashikiliwa na fimbo ya chuma. Kikishaiva, kinavunjwa kutoka kwa fimbo na kinabaki na kovu. Ukitaka kuona venye hiyo kazi inaenda, kule Kitengela, nje tu ya Nairobi, kuna karakana ambapo mafundi hupuliza vioo vilivyotumika kuwa vyombo vipya. Ukisimama pale nusu saa utaelewa kovu hilo kuliko kusoma kurasa kumi.

Sasa, Wafaransa wa kitambo walikuwa na maringo. Walisugua lile kovu likaisha, wakalainisha kitako hadi king'ae, na mara nyingi wakakichimba kidogo kama kisahani. Baccarat wakati mwingine walikata nyota kubwa chini. Ukipata kovu bado liko, limekwaruza kama chupa iliyovunjika, hiyo labda si kazi ya hizo nyumba tatu.

Halafu cheki mikwaruzo. Kitu kimekaa mezani miaka 150 kinasogezwa kila siku, kwa hivyo lazima kiwe na mikwaruzo midogo midogo, imeenda kila upande, na iko tu pale kioo kinagusa meza, yaani kwa ukingo. Ukiona mikwaruzo imelala upande mmoja kama mistari ya daftari, ama imeenea hadi katikati ya kile kisahani ambako meza haifiki, mtu alipitisha msasa hapo ndio ikae nzee.

Mambo mengine ya kitako:

- Kama kuna jina la nchi, hiyo si ya miaka ya 1840. Marekani ilipitisha sheria 1890 ya kulazimisha bidhaa kutoka nje ziandikwe nchi zilikotoka, na hapo ndipo maandishi hayo yalianza kuenea.
- Kama kuna stika yenye ile mistari myeusi ya kuskani supamaketi, hiyo teknolojia ilianza kutumika dukani 1974. Hesabu imeisha.
- Kama jina la Baccarat limechomwa kwa asidi chini, ndani ya duara lenye chupa na glasi, ni ya Baccarat lakini ya karne ya 20. Alama hiyo ilianza 1936.
- Kama chini kumebandikwa kitambaa, omba ruhusa ukitoe kabla ulipe. Kitambaa kinaweza kuwa cha kulinda meza. Pia kinaweza kuwa kimefunika stika ya nchi.

Hatua ya 2: Pima kioo chenyewe

Hii ndio hatua wauzaji wengi hawataki ujue, juu haihitaji macho ya mtaalamu. Unahitaji mizani ya jikoni ya dijitali, bakuli, maji na uzi.

Baccarat na Saint-Louis walitumia kioo chenye madini ya risasi ndani. Kioo hicho ni kizito kuliko kile cha kawaida cha chupa na dirisha. Ukipata uzito kulingana na ukubwa, umepata jibu la maana.

Fanya hivi. Pima peipaweti ikiwa kavu, andika gramu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, urudishe namba kwa sifuri. Funga peipaweti na uzi imara, uishushe polepole hadi izame yote, lakini isiguse chini wala kando. Andika namba unayoona. Sasa gawanya namba ya kwanza kwa ya pili.

Mfano: kavu ni gramu 500, ndani ya maji mizani inasoma 200. Gawanya, unapata 2.5. Hicho ni kioo cha kawaida. Kama ingesoma 162, jibu ni karibu 3.1, na hapo una kioo chenye risasi. Ukipata kitu kama 1.2, pole sana, hiyo ni plastiki.

Usikimbie mtaani bado ukipata 3.1. Vioo vya risasi vimetengenezwa nchi nyingi na bado vinatengenezwa. Ukipata 2.5 pia usitupe: kuna mafundi wengi wazuri ambao hawakutumia risasi, na Clichy huwa nyepesi kuliko wenzake wawili. Lakini mtu akikuambia "hii ni Baccarat ya 1847" na kipimo chako ni 2.5, hiyo stori imeisha hapo. Mrudishie na umshukuru.

Hatua ya 3: Sasa ingia kwa maua

Tafuta lenzi ya kukuza, ama tumia kamera ya simu. Angalia kijiti kimoja kimoja.

Kazi ya kitambo ya Kifaransa ni safi hadi inatisha. Kila kijiti kina mpaka wake, rangi haijamwagikia jirani, na mpangilio umekaa katikati. Kioo cha juu ni safi kama maji ya kisima kizuri. Viputo vya hewa vikiwa vingi kati ya maua, vijiti vikubwa na vimelegea, rangi zimeingiliana, hapo unaangalia kazi ya haraka, mara nyingi ya kuuzia watalii.

Kila nyumba ilikuwa na tabia zake:

Baccarat: Tafuta vijiti vidogo vyenye mishale, nyota na picha za wanyama kama kivuli: jogoo, mbwa, farasi, tumbili. Hizo picha zinaitwa Gridel, kutokana na jina la mtoto, mpwa wa meneja wa kiwanda. Ziko pia kwa Baccarat za miaka ya 1970, kwa hivyo mnyama peke yake hakupi umri.

Saint-Louis: Hawa walipenda matunda na mboga zilizolala kwa kikapu cha nyuzi nyeupe za kioo. Pia walitengeneza ile inaitwa taji, yenye riboni za rangi zimejipinda kutoka juu hadi chini. Ndani ya vijiti vyao unaweza kupata watu wakicheza densi.

Clichy: Hapa tafuta waridi. Ni kijiti kinachofanana na waridi lililofunguka, petali zimekunjana kama kabichi, mara nyingi la pinki. Pia walikuwa wataalamu wa mistari ya rangi inayozunguka kama upepo. Wakati mwingine waliweka herufi C. Lakini waridi hilo limeigwa na wengi baadaye, so usilipe hela juu ya waridi pekee.

Hatua ya 4: Tarehe ndiyo ya mwisho, na hii ndio sababu

Ni kweli kuna peipaweti zenye mwaka ndani ya kioo. Baccarat waliweka herufi B na miaka ya 1846 hadi 1849 kwa nyingi ya zile zenye tarehe. Saint-Louis waliweka SL na miaka yao inaanzia 1845. Kuna hata moja ya Baccarat ya 1853 iliyowekwa kwenye jiwe la msingi la kanisa la mji huo, ikaja kupatikana baada ya kanisa kubomolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Shida ni huu mwaka wa 1848. Kuna peipaweti na vichupa vya wino vya Uingereza vyenye 1848 ndani, na kwa miaka mingi watu walisema ni kazi ya Whitefriars, kiwanda maarufu cha London. Baadaye wataalamu wakakaa chini wakalinganisha vijiti, wakaona hizo ni kazi za Birmingham za mapema karne ya 20. Watu walilipia babu wakapewa mjukuu.

Kwa hivyo ukiona mwaka, uliza hatua ya 1, 2 na 3 zinasema nini. Zikikubaliana na mwaka, sawa. Zikikataa, amini kioo.

Kama si Ufaransa, ni wapi?

Nyingi utakazokutana nazo si za Ufaransa ya 1848. Hiyo haimaanishi ni takataka.

Uskoti: Familia ya Ysart ilitoka Uhispania, ikaingia Uskoti 1915. Paul Ysart, aliyezaliwa Barcelona 1904, ndiye aliyefufua huu ufundi huko. Zake nzuri zina herufi PY ndani. Ukiona samaki anaruka amegongwa muhuri kwenye kitako, hiyo ni Strathearn, na kiwanda hicho kilifungwa 1980. Kijiti chenye herufi P huenda kikawa Perthshire, walioanza 1968 na kufunga 2002. Caithness, walioanza 1961, huchora jina lao chini, na zingine zina namba ya toleo. Kwa hivyo soma vizuri kabla ya kuuza.

Uingereza: Whitefriars wa kweli wa nusu ya pili ya karne ya 20 waliweka kijiti chenye picha ya mtawa mweupe pamoja na mwaka. Nao walifunga 1980.

Marekani: Huko walianza kuiga Wafaransa miaka ya 1850, hasa upande wa Boston. Baadaye Millville, New Jersey, wakatoa waridi lao maarufu, limesimama wima ndani ya kioo, na Ralph Barber ndiye jina kubwa hapo. Ukipata maua ambayo yanafanana na ya shambani hadi mizizi, jina la kuulizia ni Paul Stankard, aliyezaliwa 1943.

Murano: Hiki ni kisiwa cha mafundi wa kioo karibu na Venice, na wamekuwa hapo tangu 1291. Zile za watalii huwa na vijiti vikubwa, rangi za kupiga kelele, na stika ndogo ya kung'aa. Ni nzuri kwa meza. Bei yake iwe ya meza.

China: Tangu miaka ya 1930 walikuwa wanaiga za Ufaransa na za Marekani. Za kitambo kioo chake huwa na rangi ya kijani ama manjano kidogo, na ukishika ni kama kimepakwa mafuta. Iweke juu ya karatasi nyeupe mchana na uilinganishe na glasi safi. Rangi itajisema.

Ile taa ya kuangalia noti feki

Ndiyo, ile ya zambarau ya dukani. Vioo tofauti hung'aa rangi tofauti chini yake kulingana na kilichochanganywa ndani. Ingia giza, weka peipaweti mbili tatu pamoja na ulinganishe. Kama moja inatoa kijani kali na nyingine haitoi kitu, hizo hazikutoka chungu kimoja. Lakini hii taa ni shahidi wa kusaidia tu. Haiwezi kukupa jina la kiwanda peke yake.

Kabla uuze ama ununue

Usiisugue wala kuipeleka kwa fundi wa vioo aitoe mikwaruzo. Ile mikwaruzo ya kitako ndiyo ushahidi wako wa umri, na kioo kikisuguliwa kinapungua. Ukipata maua yamekaribia sana ukingo wa kuba, huenda kuna mtu alishaisugua kitambo.

Usiioshe na maji moto. Kioo kinene kikishtuliwa na joto kinapasuka. Maji ya kawaida na sabuni kidogo inatosha.

Usiiweke dirishani penye jua. Kuba ya kioo inakusanya miale kama lenzi, na kuna nyumba zimeshika moto hivyo.

Ukiona dalili nzuri, linganisha na za makumbusho. Bergstrom-Mahler kule Neenah, Wisconsin, Art Institute of Chicago na Corning kule New York wote wana mkusanyiko mkubwa, na picha ziko kwa intaneti bure. Linganisha kijiti kwa kijiti. Kijiti kimoja kikifanana, hiyo ni bahati. Vikifanana vitano pamoja na kitako, na mizani pia imekubali, hapo sasa andikia nyumba ya mnada na uwatumie picha.

Na picha zikuwe nne: juu, kando, chini, na moja ya karibu ya vijiti. Weka rula kando ndio waone saizi, kisha andika uzito na lile jibu lako la kugawanya. Nyumba ya mnada ikipata hayo yote itajua inaongea na mtu ako rada, na bei ya kwanza watakayokutajia haitakuwa ya kukuchorea.

Hadi hapo, itoe mlangoni. Kama ni ya Clichy, mlango utajizuia na kiatu.